Kwanza Tafuta Sindano

Siku utakayotangaza nyumbani kwamba umechaguliwa kwenda kusomea uongozi wa michezo na burudani, hakikisha watu wameshakula. Mimi nilikosea. Nilitangaza jioni, mjomba akiwa kwenye kigoda anamenya mizizi ya ming'oko ya moto na kupuliza vidole. Alimenya mmoja, akaula mpaka ukaisha, ndipo akauliza, "Kwani mpira nao unasomewa?" Bibi, ambaye siku zote tulidhani hasikii, akadakia kutoka ndani, "Na hiyo burudani, wanamfundisha nani kunywa?"

Haya ninayokuandikia hayamo kwenye kitabu cha maelekezo ya udahili. Ni kwa ajili ya kijana wa Mnyambe huku Newala, na wa Kitangari, na wa kule chini Masasi kwenye miamba, aliyeona tangazo la kozi akadhani amepata njia ya mkato ya kukaa benchi moja na wachezaji wa Ligi Kuu. Sikukatazi. Mimi mwenyewe nilikwenda na nikarudi mzima. Nataka tu usije ukasema hukuambiwa.

Jambo la kwanza ni kuchagua neno. Huku juu uwandani michezo ni kile watoto wanachofanya badala ya kwenda kuchota maji, na burudani ni pombe ya uraka. Ukiyaunganisha maneno hayo mawili kisha ukayaombea nauli, utakuwa umeiomba familia ichangie uvivu na ulevi kwa mpigo mmoja. Sema: nasomea utawala. Weka nukta, usiongeze. Mjomba, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno, ataona mbele yake mtendaji wa kata, pengine hata katibu tawala, mtu mwenye muhuri, na kwa ajili ya muhuri gunia la korosho huuzwa. Wala hutakuwa umedanganya. Neno hilo litaandikwa kwenye cheti chako, na muhuri utapewa, japo kazi yake itakuwa kugonga fomu za usajili wa timu za vijana wa bodaboda.

Nauli ikipatikana, ujue unakwenda wapi. Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha serikali kipo Malya, wilaya ya Kwimba, mkoa wa Mwanza. Chukua ramani uangalie. Newala ipo kona ya chini kulia, ukijikwaa unaangukia Msumbiji. Malya ipo juu kushoto, jirani na ziwa. Ni zaidi ya kilomita elfu moja na nusu, kana kwamba mtu alikaa na rula akatafuta mahali ambapo Mmakonde atafika akiwa ameshachoka. Unashuka uwanda, unalala Dar es Salaam kwa ndugu ambaye hukuwahi kumjulia hali, kisha unapanda basi la kutwa au treni, maana Malya ina stesheni yake kwenye njia ya Mwanza. Unafika miguu imevimba, mahali ambapo kila unayekutana naye anakimbia.

Ukitaka karibu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo pale Mlimani. Ukitaka kuvuka mpaka, Chuo Kikuu cha Kenyatta huko Nairobi kimekuwa na idara ya usimamizi wa burudani na michezo, neno burudani likiwa limeandikwa waziwazi bila haya. Na kwa wenye ndoto ndefu kuna shahada ya uzamili iitwayo FIFA Master, iliyoanza mwaka 2000, inayosomwa kwa kuhamahama katika nchi tatu: Leicester huko Uingereza, Milan huko Italia, na Neuchâtel huko Uswisi. Hiyo nimeipigia hesabu kwa korosho. Mjomba atauza mikorosho yote pamoja na vivuli vyake, na wewe utaishia Leicester.

Sasa maonyo. La kwanza: usiende kama unapenda mpira.

Sitanii. Anayependa mpira aucheze, au akae pembeni atukane waamuzi. Aliyesomea uongozi wa michezo ndiye mtu pekee uwanjani asiyeuona mchezo. Bao la ushindi likiingia yeye yuko nyuma ya ukuta anahesabu noti za mlangoni pamoja na mgambo ambaye mfuko wake umetuna kuliko ulivyokuwa asubuhi. Darasani utasoma mifupa na misuli, huduma ya kwanza, hesabu za fedha na saikolojia ya mchezaji, halafu utasoma sheria, na hapo ndipo usingizi utakapokukuta. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Utajifunza kwamba kununua jezi hakufanyi timu. Inatakiwa katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha, orodha ya wanachama na barua iliyopita kwa afisa wa wilaya, ndipo jalada lifike kwa Msajili wa Vyama vya Michezo. Nimeshasoma katiba za timu zenye ibara kumi na tano za nidhamu na zisizo na mpira hata mmoja.

Utajifunza pia kwamba nchi hii imewahi kuamka asubuhi ikaona michezo ya shule inapoteza muda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yalisimamishwa, watoto wakaambiwa wasome. Yalirudi baadaye, lakini waliokuwa shuleni wakati ule wamekua, wamesoma kweli, na sasa wamekaa kwenye viti vya ofisi. Ndio utakaowapelekea dokezo la kuomba hela ya mipira. Wakikukodolea macho usiwachukie. Mtu hawezi kukumbuka kitu alichonyimwa.

Na yaliporudi, Mtwara ilipata bahati ya kuyapokea, mwaka 2019 na tena 2021. Mtu wa kawaida alikwenda kuangalia mbio na mpira. Wewe ukienda kwenye mashindano kama hayo, elekea jikoni. Maelfu ya watoto kutoka kila mkoa wanataka uji saa kumi na mbili, na mahali pa kulala, na choo kisicho na foleni ya kufika barabarani, na mtu wa kumbembeleza anayeota usiku anamwita mama yake. Ukiona sufuria ya ukubwa wa mtumbwi na mtu mmoja mwenye daftari amesimama kando yake, amekonda, hajaoga, sauti imemkauka, huyo ndiye aliyesomea unachotaka kusomea. Hawezi kukutajia aliyeshinda mita mia moja.

Onyo la pili linahusu futi kamba.

Nilirudi kutoka chuoni nikiwa na futi kamba ya mita hamsini, mpya. Nilikwenda nayo kwenye uwanja wa kijiji kimoja, sikitaji. Sheria ya mpira inasema goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Lile la upande wa msikiti lilikuwa na mita saba na kidogo. Lile la upande wa ghala la ushirika lilikaribia mita nane. Nikapiga kelele kama mtu aliyekamata mwizi. Nikaitisha kikao, wazee wakaja, nikawaonyesha namba.

Walinitazama kwa huruma. Kila mtu alikuwa anajua. Siku goli lile linachimbiwa, shimo lilikutana na kisiki cha mkorosho, waliokuwa wanachimba wakasogea hatua moja, basi. Hakuna aliyeonewa, maana kipindi cha pili timu hubadilishana upande. Mimi nilikuwa na kipimo mkononi, sikusikia. Nikaamuru mlingoti usogezwe, kisiki kikang'olewa kwa kazi ya siku nzima, goli likawa la sheria.

Jumapili iliyofuata mama mmoja alinijia na sufuria yake ya ming'oko, imejaa, haijaguswa. "Mwanangu," akasema, "hicho chuo chako hakikukwambia kwa nini mimi nauzia upande wa ghala?" Sikumwelewa. Akanionyesha kwa kidevu. Upande wa ghala ndiko mabao yalikokuwa yanafungwa. Kwa hiyo ndiko watu walikokuwa wanakaa. Ndiko vijana walikofunga turubai la kivuli, ndiko wazee walikobeba bao lao la kete, ndiko mwenye uraka alikojificha nyuma ya ukuta, ndiko mama huyu alikolisha wanawe wanne. Nilipolipunguza goli watu walitawanyika, nusu huku nusu kule, na biashara yake ikatawanyika nao. Uwanja mzima ulikuwa umejipanga kwenye kosa lile kwa miaka, nami nikalisahihisha kwa siku moja.

Wiki mbili baadaye nilikuta mlingoti umerudi ulikokuwa. Umechimbiwa vizuri, udongo umeshindiliwa. Sikuuliza nani. Futi kamba niliipeleka nyumbani, wakaitumia kupimia kaburi la bibi, aliyefariki mwaka huo bila kukubali kwamba nilisomea kitu.

Kuna mahali kipimo kinafaa, na nitakwambia. Ni kwa dada zetu wa netiboli. Kiwanja chao ni mita 30.5 kwa 15.25, nguzo zinasimama mita 3.05, na vipimo hivi wanavijua kwa kichwa kuliko wanaume wanavyojua vyao. Wanakipima kwa kamba, wanakichora kwa majivu, na siku ya mechi wanaanza kwa kuanua makopa ya watu yaliyoanikwa humo. Kisha wanapangiwa kucheza saa nane mchana, jua la utosi, kwa sababu saa kumi ni ya wanaume. Kila mtu anaizungumzia ile saa nane kama mvua, kana kwamba imeshuka yenyewe. Kuna mtu aliandika ratiba. Siku kalamu itakuwa mkononi mwako, hapo ndipo nitajua kama ulisoma au ulikwenda kutembea.

Onyo la nne. La tatu nitakupa ukishaajiriwa.

Onyo la nne ni kuhusu ufunguo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitabu hupita haraka. Sisi wa kusini hatuna sababu ya kuinamisha kichwa vinapotajwa viwanja. Uwanja mkubwa kuliko vyote nchini, ule wa viti 60,000 uliofunguliwa mwaka 2007 Dar es Salaam, tangu mwaka 2020 unaitwa kwa jina la Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, aliyezikwa kwao Julai ya mwaka huo. Na uwanja wa Mtwara mjini unaitwa Nangwanda Sijaona, kwa jina la Lawi Nangwanda Sijaona, waziri wa enzi za Mwalimu aliyewahi kuongoza Umoja wa Vijana wa TANU wakati wa Operesheni Vijana, ile iliyotangazwa mwaka 1968 kupiga vita sketi fupi na suruali za kubana. Ukiingia pale uangalie bukta za siku hizi, halafu usome jina ukutani, utacheka peke yako.

Lakini jina liko ukutani, ufunguo uko mfukoni mwa mtu. Swali la kwanza unalotakiwa kuuliza ufikapo kwenye uwanja wowote wa nchi hii ni hilo: nani ana ufunguo? Viwanja vingi vikubwa vya mikoani, Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya, Ali Hassan Mwinyi wa Tabora, ni mali ya CCM, vilijengwa enzi za chama kimoja na vikabaki na chama vyama vilipokuwa vingi. Vingine ni vya halmashauri, vingine vya shule, na kile cha kijijini kwenu, ukichimba sana, utakuta kuna mzee anasema ni shamba la babu yake lililoazimwa kwa muda mwaka wa vijiji vya ujamaa. Usimbishie. Mpe kiti siku ya fainali.

Ukidhani ufunguo ni jambo la vijijini, sikiliza. Machi 2025 Simba na Yanga walitakiwa kukutana Dar es Salaam tarehe 8. Usiku wa kuamkia mechi Simba walikwenda Uwanja wa Mkapa kufanya mazoezi, ambayo kanuni za ligi zinaipa timu ngeni haki ya kuyafanya. Walisema walizuiwa getini. Wakatangaza hawachezi. Bodi ya Ligi ikaiahirisha mechi, na mabishano yakaendelea miezi mitatu na ushee mpaka ilipochezwa Juni 25, Yanga wakashinda mabao mawili bila. Watu walijadili mengi, hujuma, siasa, woga. Mimi niliyesomea jambo hili niliona geti. Mechi kubwa kuliko zote nchini, ya vilabu vilivyozaliwa miaka ya 1930, ilikwama kwenye geti.

Miaka miwili nyuma yake, Aprili 30, 2023, Yanga wakiwa na Rivers United ya Nigeria hapo hapo Mkapa, robo fainali ya Kombe la Shirikisho, taa zilizimika. Maelfu ya watu gizani, Afrika nzima inaangalia. Kabla ya usiku ule ni wangapi waliowahi kujiuliza nani anasimamia jenereta la uwanja? Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Taa zikiwaka hakuna anayekutaja. Zikizimika utatajwa mpaka bungeni.

Baada ya chuo nilijifunza kazi mara ya pili, na mwalimu wangu safari hii alikuwa mtu wa darasa la saba mwenye kibanda umiza. Mwezi mmoja kwake utakufaa kuliko semina nyingi. Kibanda chake ni cha miti na udongo, bati juu, runinga moja, dishi, betri ya sola na jenereta dogo la akiba, kwa sababu yeye hakungoja Aprili 30. Mbele kuna ubao wa mechi za leo, umeandikwa kwa chaki ASENO na MANI SITI, na hakuna aliyewahi kupotea kwa sababu ya tahajia. Mia tano kwa mtu mzima, watoto mia mbili, wanakaa kwenye mkeka mbele.

Angalia anavyopanga watu. Siku ya Simba na Yanga, wekundu kushoto, wa njano na kijani kulia, na katikati, benchi moja refu kutoka mbele mpaka nyuma, amewaweka wazee. Hawa wanaingia bure. Nilimuuliza kwa nini anapoteza hela ya viti kumi na viwili. Akaniangalia kama wale wazee wa goli. "Hapo nimejenga ukuta," akasema. "Nani atarusha ngumi juu ya kichwa cha baba mkwe wake?" Chuoni tulisoma namna ya kutenganisha mashabiki kwa muhula mzima, na kulikuwa na michoro.

Ana mlango wa nyuma. Ameufunga kwa kamba ili wazamiaji wasiingie. Nikaona nimempata: nikamwambia moto ukiwaka humu watu watakufa. Bila kugeuka akanyoosha mkono ukutani. Pale kwenye msumari, juu kidogo ya kimo cha mtoto, kulikuwa na kisu. Kinanolewa kila Ijumaa. Ana daftari kubwa la mistari lenye mapato, mafuta, madeni, na orodha ya vitu alivyoazima watu: pampu ya mpira, sindano ya pampu, filimbi, koleo. Kila kitu kimetoka lini na kinarudi lini. Halmashauri niliyokuja kufanyia kazi haikuwa na daftari kama hilo.

Nimeitaja halmashauri, basi nikupe lile onyo la tatu. Ukimaliza chuo utaomba kazi ya Afisa Michezo Daraja la Pili kupitia Sekretarieti ya Ajira, mtakwenda usaili wengi kuliko viti, na Mungu akijalia utapangiwa mahali. Wizara yenu mara inabeba habari pamoja na utamaduni, sanaa na michezo, mara inaitua habari, mara inaibeba tena, kwa hiyo usichapishe bahasha nyingi kwa wakati mmoja. Mimi nilikabidhiwa kiti, nusu ya meza na ufunguo wa stoo. Ndani ya stoo nilikuta mipira minne iliyokauka kama mabuyu, ngao ya mashindano ya mwaka uliofutika, na gunia la njuga. Fungu langu lilikuwepo kwenye kitabu cha bajeti, limepitishwa na madiwani, limegongwa muhuri. Hilo ndilo onyo la tatu: fungu kupitishwa na fungu kutoka ni ndugu wasioongea.

Utafanya nini mwaka mzima? Utapokea Mwenge. Afisa michezo ndiye anayejua kikundi gani cha ngoma kina sindimba ya kuwasimamisha wageni na kipi kinataka kulipwa kabla ya kupiga. Utakwenda kwa mzee wa kikundi ukiwa na barua ya mkurugenzi. Atakukaribisha, atakupa maji, atakuuliza habari za nyumbani, na barua ataitumia kuvutia sigara. Utaandaa bonanza la siku ya wanawake, bonanza la watumishi, bonanza la chanjo. Utakuwa mshereheshaji, kwa sababu una sauti na hakuna fungu la mshereheshaji. Miezi ya Juni na Julai usitafute wachezaji, wako mashambani wanapuliza salfa kwenye mikorosho, wengine wamekwenda na wadogo zao jandoni. Ratiba ya chuoni ina msimu na mapumziko. Ya kwetu ina mkorosho.

Na fedha ni mkorosho vilevile. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi, shilingi bilioni 225.6. Ni hela halali na imeibadilisha Ligi Kuu, lakini haipandi milima kuja kwetu. Mtwara tulikuwa na Ndanda FC iliyoingia Ligi Kuu mwaka 2014 na kushuka 2020. Majirani wa Ruangwa, mkoa wa Lindi, wakapanda na Namungo mwaka 2019, wana Uwanja wa Majaliwa, na kuwa na mbunge ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu hakukuwaharibia chochote. Sisi wa vijijini tunaendesha ndondo. Kombe linapangwa baada ya minada ya korosho, Oktoba ikipinda, pale wakulima wanapoanza kulipwa na kila mwenye duka anataka kuonekana. Mwaka 2018 wanunuzi walisusa bei, serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba mzigo. Mwanajeshi hadhamini kombe la mbuzi. Siku hizi nikiulizwa mpango mkakati wa michezo wa kata, kwanza nauliza bei ya mnada.

Watakuja pia wa kukushawishi kwa AFCON. Mwaka 2027 mashindano yanakuja Kenya, Uganda na Tanzania, na tayari Agosti 2025 tulipokea CHAN, Taifa Stars wakaifungua Dar es Salaam kwa kuwafunga Burkina Faso mabao mawili bila. Mjini wanasema wasimamizi watahitajika kila kona. Huenda. Chukua vyeti vyako nenda, na ukipata, kaa karibu na jenereta. Huku kwetu AFCON itaingia kupitia dishi, na maandalizi yameshaanza: mwenye kibanda ameongeza benchi la wazee.

Nimalizie na fainali niliyoisimamia mwenyewe, ndondo ya kata, Desemba, mawingu yanajikusanya upande wa Ruvuma. Nilikuwa na orodha ya ukaguzi ya vipengele arobaini na sita. Chokaa, tayari. Nyavu, tayari. Waamuzi wamelipwa nusu. Mamluki wawili wa kutoka Masasi wameshakamatwa kwenye ukaguzi wa wachezaji, mmoja akitumia jina la marehemu. Mama wa ming'oko upande wake. Netiboli walikuwa wamecheza saa kumi kamili, kalamu ilikuwa kwangu, na wanaume wakanuna mpaka saa kumi na moja ilipowafikia. Ng'ombe wa zawadi amefungwa kwenye mwembe, mgeni rasmi amekaa, maiki inapiga mluzi. Diwani akasimama, akatoa mpira mpya wa fainali kwenye nailoni, akaunyanyua juu. Umesinyaa kama kofia iliyokaliwa.

Pampu tulikuwa nayo. Nikaisoma orodha yangu tena, vipengele arobaini na sita. Sindano haikuwemo.

Nikapanda bodaboda. Mwenye kibanda hakuwa amealikwa kwenye kamati, niliona kamati inatosha wasomi, kwa hiyo alikuwa kwake anapokea mia tano za mechi ya jioni. Hakuniuliza kitu. Akafungua daftari, akachomoa sindano iliyochomekwa kwenye mgongo wa daftari hilo, imefungwa kipande cha nailoni isipate kutu. "Andika," akasema, akinisogezea kalamu. Nikaandika jina, tarehe, saa. Kulikuwa na safu ya kazi. Nikaandika Afisa Michezo. Akaisoma polepole, kisha pembeni yake akaandika kwa mwandiko wake: irudi leo leo.

Nilirudi uwanjani vumbi mpaka kwenye kope. Nikailowesha sindano kwa mate, nikaichomeka, nikaanza kupiga pampu nimepiga goti mbele ya mgeni rasmi. Mtoto mmoja akaanza kuhesabu kwa sauti. Upande wa ghala wote ukadakia, kisha wa msikiti, mpaka mgeni rasmi naye akawa anahesabu. Tulipofika thelathini na mbili mwamuzi akaubonyeza kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. Nikaendelea.